Msamaha wa kodi kwa umeme wa jua: Nani anafaidika Songea, nani analipa?

MKAZI wa Manispaa ya Songea anaponunua umeme wa Sh10,000 kwa mara ya kwanza katika mwezi, hapati umeme wa Sh10,000. Kwanza hukatwa Sh1,500 za kodi ya majengo. Sh8,500 zinazobaki nazo hugawanywa, asilimia 18 ikiwa ni Kodi ya Ongezeko la Thamani, maarufu kwa jina la VAT, asilimia tatu ikienda kwa Wakala wa Nishati Vijijini (REA) na asilimia moja kwa mdhibiti wa huduma hiyo, EWURA. Fedha inayobaki kununulia uniti ni takriban Sh6,967.

Kwa bei zilizopangwa na EWURA mwaka 2016, mteja mdogo wa nyumbani anayelipa Sh100 kwa uniti kabla ya kodi atapata uniti zisizofika 70. Mwenye duka au saluni anayelipa Sh292 atapata uniti zisizofika 24.

Jirani yake aliyefunga paneli za umeme wa jua juu ya paa, na ambaye hana mita ya LUKU, hakatwi hata senti kwa njia hiyo. Nyumba hizo mbili zinaweza kuwa katika mtaa mmoja wa Bombambili au Lizaboni, zimejengwa kwa tofali za aina moja na kuezekwa kwa bati la aina moja.

Tofauti hiyo inazua swali ambalo halijapewa nafasi ya kutosha katika mijadala ya bajeti. Je, mwenye umeme wa jua amesamehewa kodi kwa kuwa Taifa limeamua kumsaidia, au amepona tu kwa kuwa mashine ya kukusanyia haimuoni?

Swali hilo lina uzito wa pekee kwa mkoa wa Ruvuma, ambao wakulima wake wanahitaji nishati ya kumwagilia bustani, kusaga mahindi na kumenya kahawa, na ambao kwa miaka mingi ulikuwa nje ya gridi ya Taifa.

Kutoka dizeli hadi gridi

Kwa muda mrefu mji wa Songea uliwashwa na majenereta ya dizeli ya TANESCO. Mafuta yalisafirishwa kwa malori kutoka Dar es Salaam, umbali unaokaribia kilometa 1,000, na gharama yake ilikuwa mzigo kwa shirika hilo. Mitambo ilipoharibika au mafuta yalipochelewa, mji mzima ulikaa gizani.

Nafuu ya kwanza kubwa ilitoka kwenye maji. Mwaka 2015 masista Wabenediktini wa Mtakatifu Agnes wa Chipole walianza kuuza umeme kwa TANESCO kutoka mtambo wa Tulila, uliojengwa kwenye Mto Ruvuma ukiwa na uwezo wa megawati tano katika awamu ya kwanza. Umeme huo uliingizwa katika mfumo wa Songea na kupunguza matumizi ya dizeli.

Nafuu ya pili ilikuja mwaka 2018, pale njia ya msongo wa kilovoti 220 kutoka Makambako, yenye urefu wa takriban kilometa 250 na iliyojengwa kwa msaada wa Sweden, ilipouunganisha mji huo na gridi ya Taifa. Mradi huo ulizinduliwa rasmi na Rais John Magufuli Aprili 2019.

Hata hivyo, gridi haikumaliza biashara ya paneli. Mgawo wa umeme ulioikumba nchi kuanzia mwishoni mwa 2023 hadi mwanzoni mwa 2024 uliwakumbusha wenye mashine, majokofu na saluni kwamba ni hatari kutegemea chanzo kimoja. Aidha, ingawa hadi mwaka 2025 Serikali ilikuwa imetangaza kuwa vijiji vyote 12,318 vya Tanzania Bara vimefikiwa na umeme, kijiji kufikiwa si sawa na kila kitongoji kuwaka. Nguzo zinaweza kuishia shuleni au zahanati, wakati shamba la mkulima liko kilometa kadhaa bondeni, kwenye maji.

Kwa mkulima wa namna hiyo, iwe ni Muhukuru, Mpitimbi au Namtumbo, mara nyingi uchaguzi uliopo ni kati ya pampu ya mafuta na pampu ya jua. Hapo ndipo kodi inapoingia katika hesabu.

Misamaha miwili, mmoja umeandikwa

Mtumiaji wa umeme wa jua ananufaika na misamaha ya aina mbili ambayo haifanani.

Wa kwanza umeandikwa. Mwaka 2005 Serikali iliondoa kodi kwenye vifaa vikuu vya umeme wa jua ili kushusha bei yake. Sheria ya VAT ya mwaka 2014, iliyoanza kutumika Julai 1, 2015, ikaweka katika orodha ya bidhaa zilizosamehewa paneli, vidhibiti chaji, inveta, taa na betri za umeme wa jua. Kwa upande wa ushuru wa forodha, sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 nayo ina kipengele kinachosamehe vifaa maalumu vya umeme wa jua na upepo, pamoja na betri zinazohifadhi nguvu hiyo.

Wa pili haujaandikwa popote, na unahusu kodi ya majengo. Mwaka 2018 Serikali iliweka viwango vya mkupuo, Sh10,000 kwa mwaka kwa nyumba ya kawaida na Sh50,000 kwa kila sakafu ya ghorofa mijini. Mwaka 2021 viwango hivyo vilipanda hadi Sh12,000 na Sh60,000, na makusanyo yakahamishiwa kwenye LUKU. Julai 2023 vikapanda tena hadi Sh18,000 na Sh90,000 kwa mwaka, yaani Sh1,500 na Sh7,500 kwa mwezi.

Kisheria, nyumba isiyo na mita haijasamehewa. Utaratibu ulipotangazwa mwaka 2021, wamiliki wa majengo yasiyo na umeme wa TANESCO walielekezwa kulipa kwa njia ya kawaida ya namba ya malipo. Wanaosamehewa kwa mujibu wa sheria ni makundi yanayojulikana, wakiwamo wazee wenye umri wa miaka 60 na kuendelea na watu wenye ulemavu kwa nyumba wanazoishi, pamoja na nyumba za udongo na nyasi. Paneli juu ya paa haimo katika orodha hiyo.

Lakini kati ya kudaiwa na kulipa kuna umbali. Anayenunua umeme hukatwa kila mwezi bila kuulizwa. Asiye na mita anatakiwa afuatwe, apewe namba, kisha alipe mwenyewe. Ofisa yeyote wa mapato anajua ni kundi lipi litakalolipa.

Matokeo yake, mita ya umeme imegeuka daftari la majengo, na anayezalisha umeme wake mwenyewe akawa hayumo. Mfumo huohuo ulishawahi kulalamikiwa tangu mwanzo na wapangaji waliojikuta wakilipia nyumba zisizo zao, na wenye nyumba moja iliyofungwa mita zaidi ya moja.

Neno dogo ndani ya sheria ya 1983

Kwa sasa paneli haiongezi kodi ya nyumba, kwa kuwa kiwango ni kimoja kwa nyumba ya vyumba viwili na kwa nyumba ya vyumba vinane. Lakini msingi wa kodi hii haukuwa huo.

Sheria ya kodi ya majengo ya mamlaka za miji ya mwaka 1983, Sura ya 289, ilijengwa juu ya uthamini. Jengo linathaminiwa, kisha asilimia fulani ya thamani hiyo ndiyo inayotozwa. Katika kueleza mali inayotozwa, sheria hiyo inataja nyumba pamoja na maendelezo yaliyo juu yake, ndani yake au chini yake.

Maneno hayo yanagusa moja kwa moja mtambo wa umeme wa jua. Paneli zilizofungwa kwenye paa ni maendelezo juu ya nyumba. Betri na inveta ni maendelezo ndani yake. Siku uthamini utakaporudi, jambo ambalo wataalamu wa mapato wamekuwa wakilipendelea kwa hoja kwamba mkupuo unamwonea mwenye nyumba ndogo, aliyewekeza kwenye jua anaweza kuambiwa nyumba yake imepanda thamani na kodi yake imepanda pia.

Kwa maneno mengine, anachokiona leo kuwa msamaha ni ukimya wa sheria tu, na kesho sheria inaweza kusema.

Hesabu inasemaje?

Kabla ya mtu kudai msamaha, ni vyema ajue una thamani gani. Chukulia familia iliyofunga mtambo wa Sh3 milioni. Kama vifaa vyote vingetozwa VAT ya asilimia 18, bei ingeongezeka kwa Sh540,000. Kodi ya majengo ya nyumba ya kawaida ni Sh18,000 kwa mwaka. Hivyo msamaha wa VAT pekee, iwapo wote utamfikia mnunuzi, ni sawa na kodi ya majengo ya miaka 30.

Sasa chukulia kuwa uthamini umerudi na kiwango ni, kwa mfano, asilimia 0.15 ya thamani. Mtambo wa Sh3 milioni ungeongeza kodi kwa Sh4,500 kwa mwaka. Kiasi hicho hakiwezi kumzuia mtu kununua paneli.

Mambo hubadilika kwa mwekezaji mkubwa. Mtambo wa kuzalisha umeme wenye thamani ya Sh10 bilioni, kwa kiwango hichohicho, ungedaiwa Sh15 milioni kila mwaka, mvua inyeshe isinyeshe, mto ujae ukauke. Kwa mradi unaouza umeme kwa bei iliyopangwa na ambao hauwezi kumhamishia mteja gharama mpya, hiyo ni fedha ya kuzingatia.

Sheria inasamehe mali zinazotumika kwa shughuli za huduma za umma. Lakini je, mtambo wa shirika la dini, ushirika wa kijiji au mfanyabiashara binafsi unaouza umeme kwa TANESCO ni huduma ya umma au ni biashara? Jibu lisipoandikwa waziwazi, litategemea ofisa aliyeko zamu.

Hesabu hizi zinaonyesha jambo ambalo wanasiasa hupenda kulipita. Msamaha wa kodi ya majengo huzungumzwa kwa jina la mwenye nyumba ndogo, lakini manufaa yake makubwa huenda kwa mwenye mtambo mkubwa. Kinachomgusa mwenye nyumba ndogo na mkulima ni VAT na ushuru wa forodha, yaani bei ya dukani.

Florida na Kenya: mafunzo mawili

Katika jimbo la Florida nchini Marekani, suala hili halikuachwa kwa wabunge peke yao. Agosti 30, 2016 wapiga kura waliulizwa kama katiba ya jimbo ibadilishwe ili vifaa vya umeme wa jua na vyanzo vingine jadidifu visamehewe kodi ya mali. Ilihitajika asilimia 60 ya kura, na takriban asilimia 73 walikubali. California ilikuwa imepiga kura ya aina hiyo tangu Novemba 1980.

Wenye nyumba wa Florida walikuwa wameshafikiriwa katika kura ya mwaka 2008. Kilichoongezwa 2016 kiliwahusu zaidi wenye maduka, viwanda na mitambo. Hata hivyo, Bunge la jimbo hilo lilipotunga sheria ya utekelezaji mwaka 2017 halikutoa kila kitu. Kwa mitambo isiyo ya makazi, msamaha uliwekwa kuwa asilimia 80, ili serikali za mitaa zibaki na kitu. Msamaha ulianza Januari 2018 na utafikia kikomo mwishoni mwa 2037.

Tanzania haina kura ya namna hiyo. Ibara ya 138 ya Katiba inasema hakuna kodi itakayotozwa isipokuwa kwa mujibu wa sheria iliyotungwa na Bunge, na misamaha nayo hupitia humohumo, kwenye Muswada wa Sheria ya Fedha unaojadiliwa kila Juni. Lakini mambo matatu kutoka Florida hayahitaji kura ya maoni kuyaiga. Msamaha uliandikwa, ukapewa kiwango na ukapewa tarehe ya kuisha. Mwenye kukopa benki kwa miaka kumi anaweza kuweka hesabu zake juu ya ahadi ya aina hiyo.

Kenya inatoa funzo la upande wa pili. Sheria ya VAT ya mwaka 2013 iliviingiza vifaa vya umeme wa jua katika kodi, na mwaka uliofuata msamaha ukarudishwa. Mwaka 2020 ukaondolewa tena, kisha ukarudishwa Julai 2021. Ndani ya miaka minane, mfanyabiashara wa Nairobi au Kisumu alibadilishiwa mambo mara nne. Anayeagiza kontena la paneli leo hajui litakapofika bandarini atauza kwa bei gani, naye hujikinga kwa kuongeza bei mapema.

Kwa Songea athari ya mabadiliko ya aina hiyo ingekuwa kubwa zaidi kutokana na kalenda ya kilimo. Mahindi ya Ruvuma huvunwa katikati ya mwaka, na fedha ya mkulima huanza kuonekana kuanzia Julai, Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula (NFRA) na wanunuzi wengine wanapoingia sokoni. Sheria mpya za fedha nazo huanza Julai 1. Mkulima anapata fedha ya kununua pampu katika mwezi uleule ambao bei inaweza kuwa imebadilika.

Anayelipa ni nani?

Hakuna msamaha wa bure. Fedha isiyokusanywa kwa mmoja hutafutwa kwa mwingine, au huduma inayotegemea fedha hiyo hupungua.

Mfuko wa Nishati Vijijini, unaosimamiwa na REA, ni mfano mzuri. Unapata fedha kutoka ile asilimia tatu ya LUKU, na pia kutoka tozo ya petroli ambayo tangu 2015 imekuwa Sh100 kwa kila lita ya petroli na dizeli. Mkulima wa Mbinga anayemenya kahawa kwa injini ya dizeli anachangia nguzo za kijiji kingine kwa kila lita anayochoma. Anayehamia kwenye jua huacha kuchangia kwa njia zote mbili. Anastahili, kwa kuwa amejitegemea na hakuiletea Serikali gharama ya nguzo wala waya. Lakini wakihama wenye uwezo wote, mfuko utabaki mikononi mwa wanunuzi wadogo wa LUKU.

Kwa halmashauri, hatari iko karibu zaidi na shamba. Mwaka 2017 ushuru wa mazao ulipunguzwa hadi asilimia tatu kwa mazao ya biashara na asilimia mbili kwa mazao ya chakula, hatua iliyowapa wakulima nafuu na kuzipunguzia halmashauri za mikoa ya kilimo mapato. Kila chanzo cha mapato kinapozibwa kwa msamaha, macho ya wakusanyaji hurudi kwenye kilicho rahisi kukiona, nacho katika Ruvuma ni lori la mahindi kwenye kizuizi. Mkulima anayeshangilia msamaha wa paneli anapaswa kuuliza pengo lake litazibwa na gunia la nani.

Vilevile, msamaha unaweza kuishia njiani. Sheria inamsamehe mwagizaji wa bidhaa, haimpangii mwenye duka bei ya kuuzia. Kati ya bandari ya Dar es Salaam na kaunta ya duka la Songea kuna muuzaji wa jumla, msafirishaji na muuzaji wa rejareja. Na pale ofisa wa forodha anapotilia shaka kama betri ni ya umeme wa jua au ya gari, bidhaa hiyohiyo huweza kutozwa kodi, na gharama ikaishia kwa mnunuzi ambaye hana habari kwamba alitakiwa asamehewe.

Nini kifanyike

Hatua ya kwanza ni kuondoa ukimya. Kama Taifa linaamini kuwa mwenye kufunga umeme wa jua asiadhibiwe kwa kuboresha nyumba yake, sheria ya kodi ya majengo itamke kwamba paneli, betri na vifaa vyake havihesabiwi katika thamani ya jengo. Kwa nyumba za kawaida gharama ya kifungu hicho kwa Serikali ni ndogo, na ni rahisi kukipitisha sasa wakati viwango ni vya mkupuo kuliko baadaye uthamini utakapokuwa umeanza.

Pili, mitambo mikubwa itenganishwe na nyumba. Mwenye kuuza umeme kwa faida asamehewe kwa kiwango na kwa muda maalumu, na si moja kwa moja. Halmashauri iliyotoa ardhi, barabara na maji inayo haki ya kupata sehemu yake, hata kama si mwaka wa kwanza.

Tatu, daftari la majengo lisiwe mita ya umeme. Nyumba ya ghorofa inayotumia jua inatumia barabara na dampo kama nyumba nyingine yoyote, na mwenye nyumba hiyo mara nyingi ana uwezo kuliko mjane anayenunua uniti za Sh2,000. Kumsamehe vifaa vyake ni sera. Kumwachia kodi ya jengo zima kwa kuwa hana LUKU ni upendeleo ambao hakuna aliyeupitisha.

Nne, wakulima na wafanyabiashara wa Ruvuma wasisubiri Juni. Wizara ya Fedha hualika maoni ya kodi kabla ya bajeti, na kamati ya Bunge inayoshughulikia bajeti husikiliza wadau. Vyama vya ushirika vya Mbinga na Namtumbo, wenye mashine na wauza vifaa vya umeme wa jua wana takwimu ambazo Dodoma haina: bei ya pampu ilikuwa kiasi gani mwaka jana, imekuwa kiasi gani mwaka huu, na lita ngapi za dizeli imeokoa. Hoja yenye namba hizo husikilizwa kuliko malalamiko.

Wakati huo, anayepanga kununua mtambo msimu huu afanye mambo mawili. Adai risiti inayoonyesha kama VAT imetozwa au haikutozwa, kwa sababu bila risiti hawezi kujua kama msamaha ulimfikia. Na asiweke katika hesabu za mkopo wake kodi ya majengo ambayo hajawahi kulipa, akidhani amesamehewa. Deni ambalo halijadaiwa linabaki kuwa deni, na siku halmashauri itakapohesabu majengo kwa macho badala ya mita, litadaiwa.